Wino na Karatasi Ing'aayo: Je, Zana Zetu Zamfaa Mtoto?

Imezuka desturi miongoni mwa walimu wanafunzi ambayo yafaa tuitazame kwa makini kabla haijaota mizizi. Wakati wa mazoezi ya kufundisha unapokaribia, wengi wao huenda kwenye duka la steshenari kuchapishiwa picha za rangi katika karatasi nene ing'aayo, ile itumiwayo kwa picha za harusi na mahafali. Picha hizo hutoka zikiwa za kupendeza mno. Mkufunzi azionapo huridhika, na alama za zana huwa nzuri. Lakini lipo swali ambalo hatuna budi kuliuliza: mtoto aliyeketi dawati la nyuma amepata nini?

Hatuna ugomvi na mashine za kuchapia. Zimewapunguzia walimu kazi kubwa, na atakayezikataa kwa sababu tu ni za kisasa atakuwa amejinyima msaada. Maoni yetu ni kwamba zana ya kufundishia haipimwi kwa mng'ao wake, bali kwa kile ambacho mtoto anaweza kukiona na kukifahamu kwa msaada wake. Aidha, mwalimu asiyejua jinsi wino unavyotenda juu ya karatasi hawezi kuchagua vema, na aghalabu hutumia fedha zake chache kununua kitu kitakachomwangusha mbele ya darasa. Wahenga walikwisha kutuonya: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Basi na tuufungue mkakasi huu tuone kilichomo.

Safari ya tone la wino

Printa ya wino ni tofauti na printa ya leza, ambayo huyeyusha unga wa rangi kwa joto na kuugandamiza kwenye karatasi. Printa ya wino hurusha matone kupitia matundu madogo yaliyo katika kichwa chake. Baadhi ya printa hupasha wino joto ghafula, kikatokea kiputo cha mvuke ambacho husukuma tone nje. Nyingine zina kipande cha kauri kinachojipinda kinapopitishiwa umeme, na kujipinda huko ndiko kunakoukamua wino. Kwa njia yoyote ile, tone linalotoka ni dogo ajabu. Katika printa za picha, upana wake waweza kuwa karibu sehemu 2 za mia za milimita, ilhali unywele wa binadamu una upana wa karibu sehemu 7 za mia. Wino wa kujaza kijiko kimoja cha chai, yaani mililita 5, ungeweza kutoa matone zaidi ya bilioni 1 ya kiasi hicho. Rangi za msingi ni nne tu: samawati, majenta, manjano na nyeusi. Rangi nyingine zote tuzionazo hutokana na vitone hivyo kupangwa karibu karibu au kupandana, kisha jicho lenyewe likavichanganya.

Tone likiisha kutua, hatima yake yategemea karatasi. Karatasi ya kawaida, ile ya gramu 80 kwa mita mraba, ni mkusanyiko wa nyuzi za mimea zilizoshikamana. Kati ya nyuzi hizo mna njia nyembamba, na wino hupita humo kama mafuta ya taa yapandavyo katika utambi wa koroboi. Huenda chini na huenda kando. Ndiyo sababu kingo za herufi huota ndevu, na rangi huonekana imefifia kwa kuwa sehemu kubwa imezama ndani ya karatasi.

Tatizo hili si geni. Karne nyingi zilizopita, watengenezaji wa karatasi katika nchi za Kiislamu waliipaka karatasi wanga, kisha wakaisugua kwa jiwe laini hadi ikang'aa, ili wino wa kalamu ya mwanzi usitawanyike. Karatasi ya picha ya siku hizi yafuata hekima hiyo hiyo kwa ufundi mwingine. Mara nyingi karatasi ya ndani imefunikwa plastiki pande zote mbili, hivyo maji hayapenyi. Juu ya plastiki hiyo, kwa upande mmoja, hupakwa tabaka jembamba la kupokea wino. Wino wote wa picha hauna makao mengine ila tabaka hilo. Mtu akikosea na kuchapa upande wa nyuma, wino hujikusanya vidimbwi kama maji juu ya jani la magimbi, na kidole kikipita hufutika.

Matabaka hayo yako ya aina mbili. Aina ya kwanza hutengenezwa kwa jelatini au gundi nyingine ipendayo maji, nayo hufura inapopokea wino kama maharage yaliyorowekwa. Ikiisha kukauka huifungia rangi ndani na kuikinga na hewa, lakini hukauka polepole na maji huiharibu kwa urahisi. Aina ya pili ni ya vinyweleo. Hii ni chembe ndogo mno za madini, kama vile silika, zilizoshikizwa kwa gundi kidogo, na kati ya chembe mna matundu yasiyoonekana kwa macho. Wino unywewapo na matundu hayo, picha hutoka ikiwa kavu mkononi. Hata hivyo, mlango ulioruhusu wino kuingia hubaki wazi kwa hewa pia.

Wino nao si mmoja. Upo wino ambao rangi yake imeyeyuka katika maji kama sukari iyeyukavyo katika chai. Na upo wino ambao rangi yake ni chembechembe zinazoelea, kama udongo katika maji ya mto wakati wa masika, isipokuwa chembe hizi zina upana wa karibu sehemu 1 ya elfu kumi ya milimita na zimetengenezwa zisizame upesi. Rangi iliyoyeyuka huingia ndani ya tabaka, uso wa karatasi ukabaki laini na picha ikawaka kwa uzuri. Lakini jua na hewa huishambulia upesi zaidi. Rangi ya chembe hustahimili mwanga na maji vizuri zaidi. Udhaifu wake ni kwamba hubaki juu ya uso wa karatasi ing'aayo, kwa hiyo huweza kukwaruzika, na mahali penye wino mwingi hung'aa tofauti na mahali peupe. Ukiitazama picha hiyo kwa ubavu utaona mabaka, na pengine weusi wake huonekana kama shaba. Uko hata wino mweusi uliotengenezwa kwa karatasi zisizong'aa tu, ambao ukiwekwa juu ya karatasi ing'aayo haushiki, hutoka mkononi kama masizi.

Kwamba mambo haya si ya nadharia tupu, ulimwengu ulikwisha kujifunza. Mwaka 2000 zilitolewa sokoni printa za picha za kampuni moja ya Japani, zikiwa na karatasi yake ing'aayo, na picha zake zilisifiwa kuwa zitadumu miaka mingi. Haukupita muda mrefu baadhi ya wateja wakaona picha walizozitundika zikigeuka rangi ya chungwa. Ilidhihirika kwamba ozoni iliyomo hewani ilikuwa ikipenya katika karatasi na kuiharibu rangi ya samawati, hata nyekundu na manjano zikabaki zimetamalaki. Picha zilizofunikwa kwa kioo zilisalimika zaidi. Ikiwa mabingwa waliotengeneza mashine hizo walishtushwa na hewa tu, mwalimu anayeibandika picha yake ukutani bila kinga hana sababu ya kushangaa ikichujuka.

Mambo matatu ya kupima darasani

Kwa kuwa sasa twaelewa tabia ya wino na karatasi, twaweza kuitazama picha ing'aayo katika mazingira yake halisi, yaani darasa lenye watoto wengi, madirisha makubwa na ukuta wa chokaa. Mambo matatu yapaswa kupimwa: mwanga, umbali na muda.

Kwanza ni mwanga. Uso laini hurudisha mwanga kwa upande mmoja, kama maji yaliyotulia kisimani. Hiyo ndiyo siri ya uzuri wa karatasi ing'aayo. Mwanga usiotakiwa ukienda upande mwingine, jicho huona weusi ulio mweusi kweli na wekundu uliokolea. Lakini upande huo mwingine darasani si mtupu, kuna watoto. Wale walioketi mahali mwanga wa dirisha unaporudishiwa hawataona moyo wa binadamu wala ramani ya mito. Wataona dirisha. Karatasi isiyong'aa hutawanya mwanga pande zote. Weusi wake hufifia kidogo, lakini kila mtoto hupata sehemu yake ya picha. Mwalimu anayetaka kuhakikisha na aibandike picha yake ubaoni kabla ya kipindi, kisha akae katika dawati la kila pembe ya chumba na kuitazama.

Pili ni umbali. Karatasi ya A4 ina upana wa sentimita 21. Mtoto aliye mita 7 kutoka ubaoni huiona kwa ukubwa sawa na kitu chenye upana wa milimita 9 kilichoshikwa sentimita 30 kutoka machoni. Kwa maneno mengine, mwalimu aliyelipia karatasi ya bei kubwa na matone ya sehemu mbili za mia za milimita amemwonyesha mtoto huyo punje ya hindi. Uangavu wote na wembamba wote wa mistari umepotelea njiani. Hesabu hii ni ya darasa la sita, na kila mwalimu mwanafunzi aweza kuifanya kabla hajafungua mkoba wake.

Tatu ni muda. Picha ya darasani huguswa na mikono, hupigwa na jua la dirishani, hupokea vumbi la chaki, na kwa wale watakaofundisha pwani hukaa katika hewa yenye unyevu mwingi. Unyevu huweza kuifanya rangi iliyoyeyuka itambae hata baada ya picha kukauka, kingo zikapoteza ukali wake. Tena wako wanaoharakisha kuifunika picha kwa plastiki mara itokapo mashineni. Yafaa wajue kwamba wino huwa na vimiminika vizito visivyotoka upesi kama maji. Picha yapaswa kuachwa wazi siku moja au zaidi kabla ya kufunikwa, la sivyo unyevu hufungiwa ndani.

Mahali pa karatasi ing'aayo

Haki yataka tuseme pia mahali ambapo karatasi hii yafaa. Yapo masomo ambayo kiini chake ni kuona vitu vidogo. Mtoto anayejifunza kumtambua mbu aina ya Anofelesi yambidi aone kwamba mbu huyo akitua mwili wake huinuka mshazari, na kwamba mbawa zake zina madoadoa. Picha ya namna hiyo, ikichapwa katika karatasi ing'aayo na kupewa kikundi cha watoto watano au sita waishike na kuigeuzageuza hadi waone vema, itafanya kazi ambayo karatasi ya kawaida haiiwezi. Watoto watakuwa karibu, nao wenyewe watautafuta mwelekeo usiomulika machoni. Baada ya kipindi, picha irudishwe katika bahasha na kuwekwa gizani, nayo itadumu. Angalizo moja: karatasi ya picha iliyotengenezwa kwa printa ya wino isitiwe katika printa ya leza. Joto la mashine hiyo laweza kuliyeyusha tabaka lake, likagandia ndani na kuiharibu mashine ya watu.

Kwa picha ya kutundikwa mbele ya darasa zima, ushauri wetu ni mwingine. Ichapwe katika karatasi isiyong'aa, ikuzwe kwa kuunganisha karatasi nne au zaidi, mistari yake iwe minene, rangi zake ziwe chache, na majina ya sehemu yaandikwe kwa mkono kwa herufi kubwa. Huenda wengine wakasema kwamba watoto wa leo wamezoea picha za simu na televisheni, na kwamba zana isiyong'aa itawachosha. Sisi hatukubaliani na hoja hiyo. Kinachomchosha mtoto ni kutoona, na baada ya kutoona ni kutoulizwa. Picha kubwa yenye mistari michache, ambayo mwalimu anaijenga hatua kwa hatua huku akiuliza maswali, humshika mtoto kuliko picha nzuri inayoonyeshwa dakika moja na kurudishwa mkobani isichafuke.

Wino uwe somo lenyewe

Liko jambo jingine ambalo kwa maoni yetu ni kubwa kuliko uchaguzi wa karatasi. Yale tuliyoyaeleza hapo juu kuhusu wino ni sayansi halisi, nayo yaweza kufundishwa katika shule yoyote bila printa wala umeme. Mwalimu na atafute vitu vinne: kipande cha gazeti, kipande cha karatasi kilichosuguliwa kwa mshumaa, kipande cha gazeti kilichopakwa uji mzito wa unga wa muhogo na kukaushwa, na kipande cha chaki nyeupe. Atengeneze maji ya rangi kwa kuchemsha choya, au atumie wino wa kalamu uliochanganywa na maji. Kisha watoto wadondoshe tone moja moja kwa mrija au kijiti.

Kabla ya kudondosha, kila kikundi kiseme na kuandika kinachotarajia. Hapo ndipo lilipo somo. Watoto wataona kwamba gazetini tone hutambaa na kuota ndevu, kwamba juu ya nta hubaki limejikunja kama shanga, kwamba wanga hupunguza kutambaa, na kwamba chaki hulinywa upesi. Mwalimu asitangulie kutoa jibu. Na aulize: Tone limekwenda wapi? Kwa nini hapa limekaa na pale limezama? Ungetaka kuandika barua, ungechagua karatasi ipi? Watoto wakiisha kubishana, hapo aeleze habari ya njia nyembamba kati ya nyuzi, ya nta isiyopenda maji, na ya vinyweleo vya chaki, ambavyo ni mfano mzuri wa karatasi ya picha ya vinyweleo.

Kwa darasa la juu zaidi, kipimo kiongezwe. Utepe wa karatasi inyonyayo maji uning'inizwe, ncha yake iguse maji ya rangi, na watoto watie alama mahali maji yalipofika baada ya dakika 1 na baada ya dakika 4. Wengi watatabiri kwamba maji yatakuwa yamekwenda mara 4. Wataona yamekwenda karibu mara 2 tu, kwa kuwa kadiri njia inavyorefuka ndivyo maji yanavyovutwa kwa shida. Vivyo hivyo, nukta ya kalamu ya maka itumiayo wino wa maji ikitiwa karibu na chini ya kipande cha chaki, na chaki hiyo ikasimamishwa katika maji machache yasiyoifikia nukta, rangi zilizochanganywa kiwandani huweza kuachana zikipanda. Kalamu nyeusi mara nyingi huficha rangi kadhaa. Nayo picha ya rangi iliyochapwa yaweza kufunikwa nusu kwa ubao wa boksi na kuwekwa dirishani mwezi mzima, watoto wakiandika tarehe na mabadiliko wanayoyaona. Hapo picha iliyokuwa ikipotea bure kwa jua imegeuka kuwa jaribio.

Neno kwa wakufunzi na kwa walimu wanafunzi

Kwa wakufunzi wenzetu twasema hivi: mwalimu mwanafunzi huenda anakoelekezwa na alama. Tukiendelea kuipa alama picha kwa sababu inang'aa, tutazidi kuwafundisha kununua. Mkufunzi anayekagua zana na aende akaketi nyuma ya darasa, atazame kutoka hapo, na amwulize mwanafunzi wake kwa nini alichagua karatasi ile na wino ule. Jibu lenye sababu lipewe alama, hata kama picha ni ya rangi mbili. Tusisahau pia kwamba miongoni mwa wanafunzi wetu wako wasiokuwa na fedha ya kuchapisha. Alama za mng'ao ni alama za mfuko, na chuo cha ualimu si mahali pa kupimia mfuko.

Kwa walimu wanafunzi twasema: msiogope mashine, wala msiisujudie. Kabla ya kuchapa, ulizeni nani ataitazama picha, kutoka wapi, kwa mwanga gani, na kwa muda gani itatakiwa kudumu. Maswali hayo manne yakijibiwa, karatasi itajichagua yenyewe. Na mtakapokuwa shuleni, mahali ambapo pengine duka la steshenari liko mbali, mtajikuta mnayo chaki, gazeti kuukuu na tone la wino. Ni matumaini yetu kwamba hamtasema hamna zana.